Tabata mwaka 1991: habari za dunia na moshi wa dampo

Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Tanzania iliikatalia Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ruhusa ya kuendelea kumwaga taka Tabata. Mwaka huohuo vita vya Ghuba vilipiganwa vikaisha, Siad Barre wa Somalia alikimbia Mogadishu, Mengistu Haile Mariam wa Ethiopia alikimbia Addis Ababa, Kenneth Kaunda aliangushwa kwa kura nchini Zambia, na Muungano wa Kisovieti ulivunjika. Vitabu vya historia huyapa mambo haya ya mwisho sura nzima, na lile la kwanza huachiwa wanasheria. Mkazi wa Tabata wa wakati ule hakuwa na sababu ya kuyatenga. Yote yalimfikia katika nyumba ileile: mengine kwa redio, jingine kwa moshi ulioingia dirishani. Tena yanaelezana, maana swali lililokuwa likiulizwa Lusaka, Nairobi na Moscow, la mwenye mamlaka kuwajibika kwa nani, ndilo lililoulizwa pia kuhusu jalala la Tabata.

Tabata iko magharibi ya katikati ya jiji, ng'ambo ya barabara pana inayotoka upande wa bandari kwenda Ubungo, ambayo leo inaitwa Barabara ya Mandela. Reli ya Kati inapita jirani, na bonde la Mto Msimbazi linaitenga na Vingunguti. Kabla ya miaka ya 1970 sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa mashamba ya mihogo, minazi na mikorosho, kama yalivyokuwa maeneo mengi ya Uzaramo yaliyouzunguka mji. Kilichoyageuza mashamba hayo kuwa makazi ni kasi ya ongezeko la watu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 356,286 katika Dar es Salaam. Ya mwaka 1978 ilihesabu 843,090. Na ya Agosti 1988 ilikuta 1,360,850. Watu hao wote hawakuweza kuenea Kariakoo, Ilala na Magomeni. Walisogea nje kufuata barabara, na Tabata ikapokea makundi mawili kwa pamoja: waliopata viwanja vilivyopimwa, wengi wao watumishi wa serikali na mashirika ya umma, na waliouziwa vipande vya mashamba na wenyeji kwa makubaliano mbele ya mashahidi. Ndiyo maana hadi leo Tabata ina mitaa iliyonyooka na, hatua chache pembeni, vichochoro ambavyo gari halipiti.

Nyumba ya Tabata ya mwaka 1991 ilikuwa, mara nyingi, nyumba isiyokwisha. Ujenzi ulikwenda kwa awamu, kadiri fedha ilivyopatikana: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, kisha mabati, madirisha baadaye. Mshahara pekee haukujenga. Mwanzoni mwa mwaka 1986 dola moja ya Marekani ilikuwa na thamani ya shilingi zipatazo 17. Baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka huo, shilingi ilishushwa thamani mara kadhaa, na kufikia 1991 dola ilizidi shilingi 200. Maduka yaliyokuwa matupu mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa yamejaa bidhaa, na wengi walimshukuru Rais Ali Hassan Mwinyi kwa hilo wakimwita Mzee Ruksa, lakini mshahara wa karani au mwalimu haukufika katikati ya mwezi. Jibu la watu lilikuwa mradi. Karibu kila nyumba ilikuwa nao: banda la kuku wa mayai, ng'ombe wa maziwa mmoja au wawili, cherehani barazani, maandazi ya asubuhi, barafu za watoto kwa mwenye jokofu. Mara nyingi mama wa nyumba ndiye aliyeuendesha, na si mara chache mradi wake ulizidi mshahara wa mume. Historia ya uchumi wa miaka hiyo ikiandikwa bila hesabu ya mayai na maandazi, inaacha nje sehemu kubwa ya kile kilicholisha familia na kusomesha watoto.

Habari za dunia ziliingia Tabata kwa redio. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi katikati ya miaka ya 1990. Redio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD, ndiyo iliyokuwa na haki peke yake ya kutangaza, na studio zake zilikuwa Barabara ya Pugu, si mbali na Tabata. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilikuwa miadi ya taifa zima. Nyumba yenye redio ilisikilizisha na majirani, na betri zilitunzwa. Zikichoka zilianikwa juani ili zivutwe siku chache zaidi. Habari za nje zilipitia Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA, lililoundwa mwaka 1976. Magazeti ya kila siku yalikuwa mawili yenye uzito: Uhuru la chama na Daily News la serikali. Mwanya ulikuwa umeanza kufunguka kwa magazeti ya binafsi kama Business Times, lililoanzishwa mwaka 1988. Aliyetaka upande wa pili wa habari alisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, au Deutsche Welle, ambayo Kiswahili chake kilianza mwaka 1963. Desturi ya kusikiliza kwanza RTD na kisha kupima habari hiyohiyo kwa idhaa ya nje ilikuwa imeota mizizi, na mwaka 1991 ilifanya kazi kuliko kawaida.

Mwaka ulianza kwa vita. Iraq ilikuwa imeivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, na tarehe 17 Januari 1991 ndege za majeshi yaliyoongozwa na Marekani zilianza kuipiga Baghdad. Mapigano yalisimama tarehe 28 Februari. Kwa nchi inayoagiza mafuta yake yote kutoka nje, vita hivyo vilihusu jikoni moja kwa moja: bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda sana katika miezi ya mwisho ya 1990, na athari yake ilifika kwenye nauli za daladala, usafiri wa mkaa kutoka mikoani na chupa ya mafuta ya taa. Katikati ya vita hivyo, tarehe 26 Januari, Siad Barre aliondoka Mogadishu na dola ya Somalia ikasambaratika. Habari hii ya pili ilipewa nafasi ndogo wakati ule, na hapo watangazaji na wasikilizaji walikosea kipimo. Kuwait ilirudi katika hali yake ndani ya miaka michache. Somalia iliendelea kubadili maisha ya Afrika Mashariki kwa miongo iliyofuata, kwa wakimbizi, kwa silaha na kwa biashara.

Mwezi wa Februari ulileta habari ya ndani iliyoigusa Tabata kuliko ilivyoonekana. Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM, chama pekee cha siasa nchini, ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha mwaka 1967. Azimio la Arusha lilikuwa limemkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kuwa na nyumba ya kupangisha, na neno kiongozi lilitafsiriwa kwa upana, likagusa hata watumishi wa ngazi ya kati. Katika kitongoji kilichojengwa na watumishi, sharti la nyumba lilikuwa na maana kubwa. Nyumba ya pili iliandikwa jina la mke, la shemeji au la mtoto. Vyumba vya uani vilipangishwa kwa majina ya ndugu. Baada ya uamuzi huo, uliokuja kuitwa Azimio la Zanzibar, kilichofanyika kwa siri kilikuwa halali. Waliolisikitikia Azimio la Arusha walikuwa na haki ya kusikitika, maana liliweka mpaka kati ya cheo na utajiri, na mpaka huo ulipoondolewa haukuwekwa mwingine wenye nguvu mahali pake. Lakini Tabata ya leo, yenye nyumba za kupanga kila mtaa, isingejengwa kwa kasi ile chini ya masharti ya zamani.

Mapema mwaka huo pia Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kukusanya maoni ya wananchi: je, Tanzania ibaki na chama kimoja au iruhusu vyama vingi? Mjadala ulikuwa umefunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe mwaka 1990, aliposema kwamba kuzungumzia vyama vingi si uhaini. Tume ilizunguka Bara na Visiwani, na zaidi ya watu 36,000 walitoa maoni. Matokeo yanajulikana: asilimia zipatazo 80 walitaka chama kimoja kiendelee, na bado tume ikapendekeza vyama vingi, kwa hoja kwamba hata wengi waliotaka chama kimoja walidai mabadiliko ambayo chama kimoja kisingeyabeba. Kwa mkazi wa kawaida, chama kilikuwa na sura ya mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa mpaka, aliyeandika barua ya utambulisho, aliyejua mgeni gani amelala kwa nani. Malalamiko yalipanda kutoka kwake kwenda tawi, kutoka tawi kwenda kata, na kutoka kata kwenda juu. Swali la tume lilikuwa, kwa lugha ya mtaani, kama kuna njia nyingine ya kusikilizwa pale ngazi hiyo inapokatika. Tabata ilikuwa tayari imelijibu, kama itakavyoonekana.

Kuelekea katikati ya mwaka habari zilikuja kwa mfululizo. Machi, Mathieu Kérékou wa Benin alishindwa katika uchaguzi na kuachia madaraka. Tarehe 21 Mei Mengistu alikimbilia Zimbabwe, na wiki moja baadaye wapiganaji waliingia Addis Ababa, mji wenye makao ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Salim Ahmed Salim. Juni, wakuu wa nchi za umoja huo walitia saini mjini Abuja mkataba wa kuunda Jumuiya ya Uchumi ya Afrika. Mwezi huohuo Bunge la Afrika Kusini lilifuta sheria kuu za ubaguzi wa rangi, ikiwamo ile ya kuwaandikisha watu kwa rangi zao, na Julai chama cha ANC kilifanya mkutano wake mkuu Durban, ndani ya nchi, kikamchagua Nelson Mandela kuwa rais wake. Habari za Afrika Kusini hazikuwa za mbali kwa Watanzania. Wapigania uhuru waliishi Dar es Salaam, na watoto wao walisoma katika shule ya Mazimbu, Morogoro. Mwaka uliofuata shule hiyo ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, wenyewe wakirudi kwao.

Kulikuwa na habari nyingine ambayo haikusomwa saa mbili usiku kwa majina, ingawa ilikuwa katika nyumba nyingi. UKIMWI ulikuwa umegunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1991 hakuna mtaa wa Dar es Salaam ambao haukuwa umezika. Watu walisema marehemu aliugua muda mrefu, au alirogwa, au walinyamaza. Shirika la WAMATA lilikuwa limeanzishwa jijini mwaka 1989 kuwasaidia wagonjwa na familia zao, na serikali ilikuwa na mpango wa taifa wa kudhibiti ugonjwa huo, lakini dawa za kurefusha maisha hazikuwapo. Mzigo uliangukia familia: bibi aliyelea wajukuu, shangazi aliyehama kuja kuuguza, majirani waliochangishana sanda na unga wa matanga. Remmy Ongala aliimba waziwazi kuhusu mipira ya kiume katika Mambo kwa Soksi, na redio ya taifa ikakataa kuupiga wimbo huo. Novemba 1991 dunia ilishtushwa na Freddie Mercury, mwanamuziki mzaliwa wa Zanzibar, aliyefariki London kwa ugonjwa huo siku moja baada ya kutangaza kuwa anao. Unyanyapaa ulioficha ukweli London na ule ulioficha ukweli Dar es Salaam ulikuwa mmoja, na uliua kotekote.

Furaha pia zilikuwapo, na ni haki kuzitaja. Yanga walitwaa ubingwa wa ligi ya Bara, na Simba wakatwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati, hivyo kila upande ulikuwa na la kusema barazani. Jumuiya ya wafanyakazi, JUWATA, ilibadilishwa mwaka huo kuwa OTTU, na bendi yake maarufu ikabadili jina nayo, ingawa wapenzi wake waliendelea kuifuata kwa mtindo wake wa Msondo. Na vijana walikuwa wameanza kusikika kwa sauti tofauti: Saleh Jabir alitoa kanda ya rapu kwa Kiswahili, akitumia midundo ya Marekani. Wazee wengi waliiona kuwa ya kupita, nayo ikawa miongoni mwa mbegu za Bongo Fleva.

Jalala la Tabata lilikuwa la zamani kuliko mambo yote hayo. Kwa miaka mingi lilikuwa dampo kuu la jiji, na lilipochaguliwa palikuwa pembeni, ambapo taka zilionekana hazimdhuru mtu. Jiji lilipopanuka, nyumba zilifika hadi kwenye ukingo wake. Malori yalileta taka za masokoni, za viwandani, za hospitali na za majumbani bila kuzitenganisha. Hazikufunikwa kwa udongo kama inavyotakiwa. Zilichomwa, au ziliwaka zenyewe kwa joto la kuoza, na moto uliojificha chini ya lundo ulitoa moshi usiku na mchana. Nzi walijaa majumbani, na harufu iliingia katika chakula na nguo. Wenye watoto wachanga na wenye pumu waliteseka zaidi. Juu ya lundo hilohilo waliishi kwa kazi waokotaji wa chupa, vyuma na makopo, ambao riziki yao ilitegemea kile kilichowakera wengine. Hawakuhesabiwa upande wowote wa mgogoro, na kutotajwa kwao ni upungufu wa kumbukumbu za kesi hii.

Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 1988. Kesi yao, namba 299 ya mwaka huo, ilifunguliwa Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji. Mwaka wenyewe una maana. Hati ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba ya Tanzania kwa marekebisho ya mwaka 1984, lakini serikali ilipewa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kabla mwananchi hajaruhusiwa kuidai mahakamani, na muda huo uliisha Machi 1988. Septemba mwaka huo Mahakama iliwapa ushindi wakazi: Halmashauri iliamriwa iache kumwaga taka Tabata na itafute mahali ambapo taka hazitaleta kero wala hatari kwa afya ya watu.

Amri haikutekelezwa. Halmashauri iliomba muda, ikapewa. Muda ulipokwisha iliomba mwingine. Hoja zake hazikuwa za kubuni zote. Kazi ya kuzoa taka ilihitaji magari, vipuri na mafuta, na halmashauri yenyewe ilikuwa imefutwa katika mpango wa madaraka mikoani wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kurudishwa mwaka 1978, ikirithi jiji lililokua bila huduma. Sehemu kubwa ya taka za jiji haikuzolewa kabisa. Hata hivyo, karibu miaka mitatu ilipita baada ya amri ya Mahakama, na malori yaliendelea kuja. Hapo ndipo ngazi ya malalamiko ilipokuwa imekatika. Mjumbe, tawi na kata walikuwa chini ya mamlaka ileile iliyolalamikiwa.

Septemba 1991 Halmashauri ilirudi kwa mara nyingine kuomba muda, na shauri likawa mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira. Halmashauri ilieleza ugumu wa kupata mahali pengine, na kwamba dampo linahudumia jiji zima, hivyo kero ya wachache haina budi kupimwa na manufaa ya wengi. Tarehe 9 Septemba Jaji alikataa. Alieleza kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, hata wawe wangapi. Kisha akaenda kwenye Katiba. Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Kumlazimisha mtu avute moshi wa taka mwaka hadi mwaka, kwa mtazamo wa Jaji, ni kuihatarisha haki hiyo, na faida ya walio wengi haiwezi kuwa kisingizio.

Uzito wa uamuzi huo uko hapo. Sheria ya zamani iliyorithiwa kutoka Uingereza ilimruhusu jirani kulalamikia kero, lakini ilimtazama kama mwenye mali anayesumbuliwa. Jaji Lugakingira alimtazama mkazi kama mtu mwenye uhai unaolindwa na Katiba, awe amejenga katika kiwanja chenye hati au kwenye shamba alilomegewa. Katiba haikuwa na ibara inayotaja mazingira safi; aliipata haki hiyo ndani ya haki ya kuishi. Njia hiyo ilikuwa ikifunguliwa kwingineko pia. Januari mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya India ilitamka kwamba haki ya kuishi inajumuisha maji na hewa visivyochafuliwa. Tabata ilikuwa, bila kutafuta sifa hiyo, katika mstari wa mbele wa fikra za sheria duniani.

Taka zilikuwa bado zinatafuta pa kwenda. Hata kabla ya uamuzi wa Septemba Halmashauri ilikuwa imeigeukia Kunduchi Mtongani, kaskazini mwa jiji. Huko nako watu walikuwa wamekwishaisikia habari ya Tabata. Wakazi 795 walifungua shauri namba 90 la mwaka 1991, na Jaji Rubama alitengua uamuzi wa Halmashauri, akaizuia kumwaga taka pale na kuiamuru itafute mahali panapofaa. Ushindi wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili.

Hatimaye taka zilihamia Vingunguti, ng'ambo ya bonde la Msimbazi, ambako kulikuwa pia na machinjio na mabwawa ya majitaka. Vingunguti ilikuwa maskini kuliko Tabata na kuliko Kunduchi. Wengi wa watu wake walikuwa wapangaji wa chumba kimoja kimoja, wasio na hati, wasio na ndugu ofisini wa kuwaelekeza kwa wakili. Dampo lilikaa huko kuanzia mwaka 1992 hadi 2001. Haki iliyotamkwa kwa ajili ya kila mtu iliwalinda kwanza waliokuwa na uwezo wa kuidai. Hili halipunguzi heshima ya uamuzi wa 1991, lakini historia ya Tabata isipolisema, inakuwa historia ya upande mmoja wa bonde.

Robo ya mwisho ya mwaka ilirudisha macho ya watu nje. Tarehe 31 Oktoba Wazambia walipiga kura, na Frederick Chiluba akamshinda Kenneth Kaunda, aliyekuwa ameongoza tangu 1964. Dar es Salaam ililipokea jambo hili kama msiba na harusi kwa pamoja. Kaunda alikuwa rafiki wa Nyerere na mshirika wa ujenzi wa reli ya TAZARA, ambayo stesheni yake kuu iko kando ya barabara iliyoitwa wakati huo Barabara ya Pugu. Na bado alikubali kushindwa na kukabidhi madaraka kwa amani, jambo ambalo wasikilizaji wengi wa redio hawakuwa wamelisikia kwa kiongozi wa kizazi chake katika ukanda huu. Mwishoni mwa Novemba wafadhili waliokutana Paris walisitisha misaada mipya kwa Kenya, na Desemba Bunge la Kenya lilifuta kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee. Tarehe 9 Desemba Tanzania Bara iliadhimisha miaka 30 ya uhuru, ikiwa bado inajadili bila kuamua. Siku ya Krismasi Mikhail Gorbachev wa Muungano wa Kisovieti alijiuzulu, na dola iliyokuwa imetoa silaha, madaktari na nafasi za masomo kwa vijana wengi wa Kitanzania ikakoma kuwapo. Kwa familia zenye watoto Moscow au Kiev, hiyo ilikuwa habari ya nyumbani kabisa: nani angelipa posho, na shahada ingetolewa kwa jina la nchi gani?

Uamuzi wa Tanzania ulikuja mapema mwaka uliofuata. CCM ilikubali pendekezo la Tume ya Nyalali, Katiba ilirekebishwa, na kuanzia tarehe 1 Julai 1992 vyama vingi vikawa halali. Mjumbe wa nyumba kumi alibaki kuwa wa chama, na shughuli za serikali zikahamia kwa viongozi wa mitaa. Mwaka 1993 sheria ya utangazaji ilimaliza ukiritimba wa RTD, na mwaka 1994 vituo vya binafsi vya redio na televisheni vilianza kuingia majumbani. Halmashauri ya Jiji ilivunjwa mwaka 1996, ikaendeshwa na tume hadi mwaka 2000 zilipoundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Tabata ikawa katika manispaa ya Ilala.

Dampo la Vingunguti lilipofungwa taka zilipelekwa Mtoni, na baadaye Pugu Kinyamwezi, mbali zaidi na katikati ya jiji. Bungeni, kile Jaji Lugakingira alichokipata ndani ya Ibara ya 14 kiliandikwa waziwazi katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: kila mtu aishiye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na anaweza kwenda mahakamani kuidai. Huko Tabata, nyumba zilishuka hadi mahali lilipokuwa lundo, na eneo hilo linaitwa Dampo hadi leo.